Upande wa Picha Uliokatwa

Roseline hakuitambua ile picha kwa uso. Uso wenyewe haukuonekana. Kofia ya chuma ilikuwa imeufunika mpaka puani, na kilichobaki ni kidevu cheusi chenye vumbi, kidevu cha kijana yeyote aliyezaliwa kati ya Sondu na Sirari. Aliitambua kwa kidole. Askari yule alikuwa amepiga goti moja mchangani, mkono wake wa kushoto umeshika chupa ya maji, na kidole gumba kimepinda kuelekea nje kama jembe lililogonga jiwe.

Tony, mwanawe wa kwanza, alichomwa kidole hicho na ndoana ya kuvulia mbuta alipokuwa darasa la sita. Kidole kikavimba, kikatunga usaha, kikapona vibaya. Roseline alikikanda kwa maji ya chumvi miezi miwili, asubuhi na jioni.

"Kidole nilichokikanda mimi, nitafundishwa na nani kukijua?" aliwaambia watu waliokuja kuangalia gazeti. Nani angebishana naye? Alikuwa mwanamke mwenye sauti, aliyewalea wana wawili kwa kuanika omena, dagaa wa ziwa, ufuoni baada ya mume kufa mapema, na hakuwahi kupiga hodi kwa mtu kuomba chumvi.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu kambi ya jeshi aliyokuwamo Tony ishambuliwe kule Somalia, ng'ambo ya mpaka. Wenzake waliokufa waliletwa kwa ndege, wakazikwa kwa bendera na mizinga. Kwa Roseline ililetwa barua. Ilisema Tony hajulikani aliko. Haikusema amekufa, wala haikusema yu hai. Halafu picha ikatoka, na Roseline akaweka barua chini ya godoro na picha ukutani.

Picha yenyewe ikawa na jina kubwa duniani. Mzungu aliyeipiga alipewa tuzo huko kwao. Watu waliichapisha kwenye kalenda na fulana, wahubiri wakaishika mimbarani wakahubiri ukarimu, kwa maana pembeni kabisa, pale gazeti lilipokatia, vilionekana vidole vinne vya mtu mwingine vimegusa chupa ile ile. Mwenye vidole hakuonekana. Wote waliona askari anayemnywesha mwenzake katikati ya moto, na wakaiita picha ya Msamaria.

Roseline hakuwahi kuviangalia vile vidole vinne. Macho yake yalikwenda kwenye kidole gumba tu. Kila jioni, akishatoa omena kwenye nyavu na kuzifunika zisipate umande, alinawa mikono, akasimama mbele ya ukuta na kumwombea mtu wa pichani. Apate njia ya kurudi. Apate maji. Mkono ulioshika chupa usikatwe.

Wazee wa ukoo walikuja mwaka wa pili. Shemeji yake, Mzee James, ndiye aliyeongea.

"Min Tony," alisema, kwa kuwa Wajaluo humwita mama kwa jina la mwanawe wa kwanza, "mtu akipotelea ziwani au vitani na mwili usionekane, sisi tuna njia yetu. Unaijua."

Roseline aliijua. Mto ukishamchukua mtu asirudi, hukatwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwenye mwegea kama mguu wa mtoto, likavikwa nguo zake, likaliliwa, likazikwa kaburini badala yake. Baada ya hapo mtu huyo amekufa. Hata akirudi kwa miguu yake, amekufa. Ndiyo sababu tunda hilo halikatwi kwa haraka.

"Ninyi mnataka nimzike mtu ninayemwona ukutani ameshika chupa?" aliuliza.

"Picha si mtu, shemeji."

"Na yago ni mtu?"

Mzee James alikunywa chai yake, akaondoka. Mwaka wa nne walirudi wakapewa uji. Mwaka wa sita walirudi wakapewa viti tu.

Lakini mambo ya boma hayamngoji mtu. Tony alikuwa mkubwa, na Javan alikuwa mdogo wake. Kwa mila, mdogo hamruki mkubwa: hawezi kutoka kwa baba yake na jogoo, shoka na moto akaanzishe boma lake, wakati kaka yake bado hajatoka wala hajazikwa. Javan alifika miaka thelathini na tatu, ana mke na watoto watatu, wanalala wote kwenye simba, ile nyumba ndogo ya kijana asiyeoa, iliyojengwa karibu na lango.

"Mimi nitakuwa babu wa kwanza Homa Bay anayelala simba," alizoea kusema ufuoni, na wenzake wakacheka. Siku moja alisema hivyo mbele ya mama yake, na hakuna aliyecheka.

"Semea tumboni," Roseline alimwambia.

"Nimesemea tumboni miaka saba, Mama. Tumbo limejaa."

Wa pili aliyengoja ni Celestine, mke wa Tony. Roseline alimwita Nyar Kasipul, binti wa Kasipul, kwa sababu alitoka upande wa Oyugis, na ndivyo mke aitwavyo mahali alipoolewa. Celestine hakuwa mke, hakuwa mjane. Hakuweza kuvaa nguo za msiba na hakuweza kuzivua. Hakulalamika. Aliamka, akafagia, akaenda mjini kwenye kazi yake, akarudi.

Kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa mwiba kati yao. Celestine alifanya kazi kwa Ruqia, mwanamke wa Kisomali aliyezaliwa Isiolo na kuja Homa Bay na mumewe, akafungua duka la kuchapisha picha na kunakili karatasi karibu na soko. Ruqia hajawahi kuiona hiyo Somalia hata kwa ndoto. Lakini tangu ile barua, Roseline alipofika mbele ya duka lile aligeuza uso upande wa pili wa barabara, na kama alikuwa na beseni la omena kichwani alilihamishia bega la upande wa duka, limkinge asilione.

Basi, mwaka wa saba, mwezi wa mvua ndefu, mwalimu mmoja wa shule ya pale mjini aliingia dukani kwa Ruqia akitaka picha ya Msamaria ichapwe kubwa, ya kutundika ukumbini. Celestine akaitafuta kwenye kompyuta. Mzungu aliyeipiga alikuwa ametoa picha zake zote za vita zikiwa kamili, hazijakatwa na wahariri wa magazeti. Ile picha ikafunguka, pana kuliko alivyoizoea. Celestine akaiangalia, akaikuza, akaiangalia tena. Mwalimu akaambiwa arudi kesho.

Celestine alikaa nayo siku nne. Siku ya tano Ruqia alimwambia, "Funga duka, twende kwa mama yako mkwe."

"Hatakukaribisha."

"Sijaomba kukaribishwa. Nitasimama nje na jua langu."

Walimkuta Roseline amechuchumaa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa, anageuza omena kwa ufagio. Aliona viatu vya Ruqia kwanza, kisha buibui, kisha uso.

"Leo umepotea njia," alisema.

"Mama Tony, miaka yote unapita kwangu kama mtu anayepita kaburi," Ruqia alisema. "Leo nimekuja ili kaburi lenyewe lisalimie."

Roseline alitaka kucheka, akajizuia. Celestine alipiga magoti kando yake, akatoa picha ndani ya bahasha, akaiweka juu ya kikapu kilichofunikwa. "Mama, hii ndiyo picha nzima. Ile ya gazeti ilikatwa."

Kulia alikuwa yule yule, kofia, kidevu, chupa. Ila sasa kifua chake kilionekana chote, na juu ya mfuko wa sare palikuwa na kitambaa chenye jina. Roseline alisoma herufi moja moja, kama alivyofundishwa na masista zamani, kidole kikifuata. Omanga.

Alipeleka kidole chake kushoto, pale ambapo gazeti lilikatia. Vile vidole vinne vilikuwa na mkono, mkono una bega, na bega limeegemea ukuta wa mifuko ya mchanga. Uso wa mtu huyo ulikuwa umeinuliwa juu, umefutwa na mwanga mkali mpaka haukuwa uso. Tumbo lilikuwa jeusi. Miguu imenyooshwa mbele, na buti la kulia halikuwa na kamba ya buti. Lilifungwa kwa uzi wa nyavu, ule wa buluu.

Likizo ya mwisho, kamba ya buti la Tony ilikatika mlangoni akiwa tayari amebeba mkoba. Roseline alichomoa uzi kwenye wavu aliokuwa akiuziba, akainama, akamfunga mwenyewe, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, kwa fundo la wavu, lile linalokaza kadiri linavyovutwa. Alimwambia, "Hili halifunguki. Ukitaka kulivua, likate." Tony akacheka, akasema makamanda wake watamfunga jela kwa uchafu.

Fundo lilionekana wazi pichani. Halikuwa limefunguka.

"Ni yeye, Mama?" Celestine aliuliza. Alikuwa anajua. Alitaka kuambiwa.

Roseline aliinuka, akachukua ufagio, akageuza omena mstari mzima mpaka mwisho, polepole, asiache hata moja upande mbichi. Aliporudi alimwambia Ruqia, "Ingia ndani, jua ni kali." Na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Ndani, ukutani, gazeti lilikuwa pale pale. Roseline aliliangalia kwa muda mrefu. "Miaka saba nimemwombea mtoto wa mwanamke mwingine," alisema.

Ruqia ndiye aliyempata huyo Omanga. Wafanyabiashara wa dini yake wanajuana kutoka mji hadi mji. Shemeji yake Ahmednur alikuwa na duka la vyombo Kehancha, na alijibu siku iyo hiyo: yupo, Mkisii aliyeoa kwa Wakuria, ameacha jeshi, analima tumbaku. Vijana humwita Msamaria, naye huwatupia mawe.

Roseline na Celestine walifika huko Jumanne, wakamalizia njia kwa bodaboda kwenye matope mekundu. Omanga alikuwa chini ya banda la kukaushia tumbaku, anafunga majani mabichi kwenye fito. Alikuwa mwembamba, na mvi mapema. Roseline aliangalia mkono wake wa kushoto kabla ya kitu kingine. Kidole gumba kilikuwa kimenyooka kama cha mtu yeyote. Pale pichani kilikuwa kimepinda kwa kukaza tu.

"Hamjambo, mama zangu. Mnatafuta nani?"

"Mimi ni mama yake Tony."

Mikono iliacha kufunga. Jani moja likaanguka, asiliokote.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilidhani utakuja na watu."

"Nimekuja na mke wake. Ni watu wa kutosha."

Aliwatolea viti, mwenyewe akabaki amesimama. Roseline alifungua bahasha, akaweka picha juu ya fito. Omanga hakuitazama.

"Watu wanasema ulimpa maji," Roseline alisema.

"Watu wanasema."

"Wewe sema."

Akavuta pumzi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kimenyooka, hakina mapambo. "Tuliamshwa na mlipuko alfajiri. Mpaka saa nne tulikuwa tumebaki wachache upande wetu. Tony alipigwa tumboni. Nilimvuta, nikamwegemeza pale. Alikuwa na chupa yake, akawa anajaribu kunywa. Mama, tulifundishwa, mtu wa tumbo hapewi maji. Maji yanammaliza. Nikamnyang'anya."

Celestine aliinamisha kichwa.

"Alikuwa ameshikilia," Omanga alisema. "Vidole vyake havikutaka kuachia. Nilivuta kwa nguvu. Mzungu alikuwa nyuma ya gari, akapiga picha hapo. Dunia nzima inaona nampa, na mimi nilikuwa nachukua."

"Kisha?"

"Gari la kututoa likapiga honi. Nafasi ya watu wanne, tulikuwa sita. Nikamwambia Tony nitarudi. Akasema, 'Nenda, lakini acha chupa.' Sikuiacha. Niliogopa atakunywa." Aliinama akaliokota lile jani. "Njiani niliinywa mimi."

Kuku alipita kati yao akidonoa. Hakuna aliyemfukuza.

"Tulirudi siku ya tatu. Pale hapakuwa na mtu. Mchanga tu na maganda ya risasi. Wakubwa waliniuliza, ulimwona amekufa? Nikasema, sikumwona amekufa. Ndiyo wakaandika vile walivyoandika."

"Kumbe ile barua ni mdomo wako," Roseline alisema.

"Ni mdomo wangu. Nilisema, nikisema amekufa na mimi nilimwacha anapumua, nitakuwa nimemuua mara ya pili."

Roseline alitamani kusimama amzabe kofi, na alijua pia kwamba mkono wake ungekuwa umechelewa miaka saba. Alimwangalia mtu huyu ambaye yeye alimwombea njia, akamwombea maji, akamwombea mkono usikatwe. Yote yalikuwa yamejibiwa. Alirudi nyumbani, alikunywa, mkono anao.

"Wewe ulikuwa askari," alisema mwishowe. "Nijibu kama askari. Mtu aliyepigwa vile, bila daktari, kwenye jua lile, anakaa siku ngapi?"

"Mama..."

"Siku ngapi?"

"Si siku. Saa. Labda mbili."

"Basi sema."

"Niseme nini?"

"Unajua. Serikali imekataa kusema, mimi nimekataa kusema, huyu binti hana ruhusa ya kusema. Wewe ndiye wa mwisho kumwona. Sema."

Omanga alikamata nguzo ya banda. Sauti ilipotoka ilitoka ndogo. "Tony amekufa."

Celestine akatoa kilio kimoja, kirefu, kile cha wanawake wa ziwa kinachoanzia chini na kupanda, na mke wa Omanga akatoka mbio jikoni na unga mikononi. Alilia kama mtu aliyefunguliwa kamba. Roseline hakulia. Alingoja mpaka kilio kiishe.

"Utakuja kusema hivyo mbele ya ukoo," alimwambia Omanga. "Na huko mto Migori kuna miegea mingi kuliko kwetu. Utakata yago mwenyewe, uje nalo. Ulimwacha bila kumbeba. Sasa utambeba."

Alikuja Ijumaa ya wiki iliyofuata, amelipakata tunda njia nzima, limefungwa kwenye gunia. Mzee James alimsikiliza mbele ya watu wote, akamwuliza maswali yake, kisha akasema kaburi lichimbwe mbele ya simba ya Tony. Celestine alitoa suruali, shati la kanisani na sweta. Wanawake wazee walilivika tunda, na Roseline akalifunga mwenyewe kwa uzi wa buluu, fundo la wavu, mara tatu. Omanga alilibeba kutoka mlangoni mpaka shimoni.

"Tunda zito hili," kijana mmoja alinong'ona. "Kaka hakuwa na kilo hizo."

"Alikuwa mzito zaidi," Roseline alisema bila kugeuka. "Ulimzaa wewe?"

Ruqia alikuwepo, nyuma kabisa, na shuka za kumfunika mfiwa. Watu walimpisha.

Baada ya udongo kurudishwa, wageni walikaa kivulini, na Celestine, ambaye sasa alikuwa mjane na alivaa kanga nyeusi, alipitisha maji kama ilivyo desturi. Omanga alipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili, asinywe. Maji yakatulia ndani. Roseline alimtazama mpaka watu wa karibu wakaanza kutazama pia.

"Kunywa," alisema. "Hapa kwangu mtu hakai na kiu. Hata wewe."

Akanywa, akifunga macho.

Ndipo Roseline alipoingia ndani, akabandua lile gazeti ukutani. Lilikuwa limegeuka rangi ya chai, na nyuma yake ukuta ulikuwa na alama nyeupe ya mraba. Alitoka nalo, akampa.

"Hii ni yako. Nimekutunzia."

"Siitaki, Mama."

"Hata mimi sikuitaka. Ichukue."

Omanga alilikunja, akaliweka kifuani, akaaga. Hakuna aliyemsindikiza zaidi ya lango.

Mwezi uliofuata, asubuhi, Javan alitoka langoni na jogoo kwapani na shoka begani. Mzee James alimtangulia kwa nafasi ya baba, na mke wa Javan akafuata na kijinga cha moto. Roseline alisimama mlangoni akawaangalia mpaka walipofika kwenye shamba la juu, jogoo akawika. Halafu akaenda kugeuza omena. Celestine alikuwa amemuuliza kama waitundike ile picha nzima ukutani, kwenye alama nyeupe.

"Acha," alimjibu. "Nimeshaona."